Karatasi hutangulia tingatinga: niliyoyasema kwa wakaazi wa Likoni

Wengi mmeniambia hamkuweza kufika Jumamosi kwenye kikao chetu cha kuongea bajeti ya kaunti, wengine mlikuwa kazini, wengine mlikuwa na harusi, kwa hivyo nimeiandika yote hapa kama nilivyoisema. Aliyekuwepo akiona nimesahau kitu anikumbushe.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana mko poa? Naona kuna watu wamesimama mlangoni huko na jua lote hili, ingieni jamani, mbele hapa mikeka iko wazi, na nyinyi watoto wapisheni wazee wakae kwenye viti.

Ndugu zangu mimi leo nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mtoke nalo. Karatasi hutangulia tingatinga. Ada ikipandishwa, soko likihamishwa, mtaro ukichimbwa kwa jirani na kwako usichimbwe, jua kabla ya hapo palikuwa na karatasi, na karatasi ile ilikuwa na mstari, na mstari ule ulikaa mezani wiki nyingi unangoja mtu auulize. Sisi tunaamka siku tingatinga linanguruma. Siku hiyo ndio tunapiga kelele, tunapiga picha, tunazitia kwenye magrupu ya WhatsApp, na mambo yashapita zamani.

Sasa tuko mwezi wa tano. Kwani mwezi wa tano una nini? Nisikilizeni hapa vizuri. Sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 inasema kila mwaka ikifika tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yawe yashapelekwa bunge la kaunti, na ikifika tarehe 30 Juni yawe yashapitishwa, manake tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Kwa hivyo baina ya zile tarehe mbili ndio mlango uko wazi. Ni wiki kama nane hivi. Wiki nane za kuamua mwaka mzima wa Mombasa, dawa za zahanati, mitaro, taa za barabarani, chekechea, takataka, masoko. Na bajeti ikishapita kuna mswada wa fedha wa kaunti unaokuja nyuma yake, ule wenye leseni na ada zote, nao una siku 90 uwe umepitishwa. Tarehe zenyewe hazihami, ni zilezile kila mwaka, ziandikeni kwenye kalenda za ukutani, pale mnapoandika siku ya kodi.

Nitawapa kisa. Zamani nilipokuwa nakaa upande mwingine wa pwani hii, sio hapa, nilikuwa na jirani yangu mama mmoja anakaanga viazi karai jioni, kibanda chake cha mabati, meza moja, bakuli la ukwaju, watu wamejaa. Siku moja akaja kwangu na karatasi ya ada ya kibanda, imepanda, na yeye anasema ameonewa. Nikamwambia hebu ngoja tutafute. Nikafungua simu nikaipata sheria ya fedha ya kaunti ile, nyuma kabisa kuna jedwali refu, mkokoteni umeandikwa kivyake, meza kivyake, kioski kivyake, kila kimoja na pesa yake. Mama wa watu vidole vimejaa unga wa manjano, akaishika simu yangu kwa upindo wa leso asiichafue, akausoma ule mstari wake mara mbili, polepole. Akaniuliza, na hii ilipita lini? Nikamwambia ilipita, na kabla haijapita palikuwa na siku ya kuchukua maoni. Wewe siku ile ulikuwa wapi? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi sikujua kama na mimi ni katika wale wanaoulizwa."

Mnalisikia neno hilo? Sikujua kama na mimi ni katika wale wanaoulizwa. Nimekaa na neno hilo miaka mingi, na ndilo lililonitoa nyumbani kwangu leo.

Nyinyi mnaulizwa! Na hiyo ni haki yenu, msije mkaiona kama hisani ya mtu, na wala hamhitaji kujuana na mtu yeyote. Katiba ya 2010 kifungu cha 196 inalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya pesa za umma lazima yawe na uwazi na wananchi washirikishwe. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka wa 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi lake kwa maandishi, juu ya jambo lolote lililo chini ya kaunti. Jambo lolote.

Na kama kuna mtu anasema moyoni ah hizo ni sheria za vitabuni tu, basi namuuliza, anajua yaliyotokea Kiambu? Kaunti ya Kiambu ilipitisha sheria yake ya fedha ya 2013, yenye ada kama hizi za vibanda na leseni. Wananchi wakaenda mahakama kuu. Mwezi wa nne mwaka wa 2014 Jaji Odunga akaifuta sheria ile, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya kaunti, ikafutwa! Tangu siku ile kila kaunti Kenya hii inajua kwamba kuchukua maoni sio mchezo wa kupigwa picha.

Lakini mahakama ni mlango wa mwisho, na huo mlango ni mbali, tena ni ghali. Hapa nataka tutulie kidogo manake hiki kisa cha pili ni chetu, ni cha hapa hapa Mombasa, na wengine wenu mna jamaa kule.

Owino Uhuru. Kijiji kiko Mikindani, Jomvu. Mwaka wa 2007 pakaja kiwanda ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari watoe risasi. Na hii risasi ninayosema sio ya bunduki, ni ile madini, na madini hayo ni sumu, yakiingia kwenye damu ya mtoto yanamharibu ubongo, yanamrudisha nyuma. Moshi ukawa unatoka, maji ya kiwandani yanapita mlangoni mwa watu, watoto wanacheza kwenye mchanga uleule. Nani aliwauliza wakaazi wa Owino Uhuru kama wanakitaka kiwanda kile pale? Nani aliwafafanulia kwanza kitakuwa kinafanya nini?

Phyllis Omido alikuwa akifanya kazi ndani ya kiwanda kile, mtoto wake mchanga akaugua, kupimwa akaonekana ana risasi mwilini. Akaacha kazi. Akaanza kupiga mlango mmoja mmoja, akakamatwa, akatishwa, hakuacha, na mwaka wa 2015 dunia ikampa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Watu wakalia kwa furaha. Mwaka wa 2023 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu. Wakaanza upya. Mpaka mwezi wa Disemba 2024 ndio Mahakama ya Juu ikairudisha ile hukumu ya kwanza.

Sasa tuhesabu pamoja. Kutoka 2007 mpaka 2024 ni miaka mingapi? Semeni kwa sauti. Kumi na saba! Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kinafunguliwa, siku Mahakama ya Juu inasema alikuwa na haki keshakuwa na ndevu. Na hukumu ni karatasi, haiwezi kuitoa risasi kwenye damu. Kuna waliokufa hawakuiona siku ile. Mimi nikipita Mikindani huwa siwezi kuangalia upande ule bila kujiuliza, je, kama mwaka ule wa mwanzo watu mia mbili wangeitwa kwenye kikao kama hiki, wakaambiwa kwa lugha yao hiki ni kiwanda cha kuyeyusha betri, moshi wake una sumu, mnasemaje? Ni asubuhi moja tu! Asubuhi moja ya kikao badala ya miaka kumi na saba ya kesi.

Ndio maana nasema karatasi hutangulia tingatinga. Kule ilitangulia leseni.

Haya. Jambo lingine ni hili, na hapa tunapoteza nguvu nyingi sana ndugu zangu. Tunagonga mlango sio. Mzee wangu mmoja wa Mtongwe, Mungu amuweke, ana uchungu na feri, na nani hapa hana uchungu na feri? Sisi wa Likoni feri ni mguu wetu. Na mzee yule aliona tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipozama asubuhi watu wakienda kazini wakafa 272, alikuwa pale ufuoni, mpaka leo akiisimulia anageuza uso. Basi mzee huyu kila kikao cha bajeti ya kaunti anasimama anaongea feri, dakika zake zote zinaisha, na wakuu wanamwambia tumekusikia mzee wetu, halafu basi. Kwa nini? Feri iko chini ya bandari, KPA, na KPA ni ya serikali ya kitaifa. Uchungu wake ni wa haki kabisa, na lazima tumsaidie ufike unakotakiwa, lakini kwenye bajeti ya kaunti hakuna mstari wa ile feri.

Ya kaunti ni yapi? Jedwali la nne la Katiba limeyataja: hospitali na zahanati, masoko, barabara za mitaani, mitaro ya maji ya mvua, kuzoa taka, chekechea, vyuo vya ufundi vya mtaani, leseni za biashara, kusambaza maji. Polisi sio ya kaunti. Shule ya msingi sio ya kaunti. Barabara kuu sio ya kaunti. Ukijua hivyo dakika zako za kuongea kikaoni hazipotei.

Na hayo maji niyaongelee kidogo manake mkiniruhusu nitalia. Mimi nyumbani kwangu mfereji unatoa upepo. Mwenye mkokoteni anapita asubuhi, namsikia na kengele yake, nanunua mitungi sita kila siku, shilingi 30 kila mtungi. Sita mara thelathini ni 180. Kwa mwezi ni 5,400. Kuna watu hapa kodi ya chumba haifiki hapo! Na maji yenyewe hujui yametoka kisima gani, yana chumvi, sabuni haitoi povu, chai inabadilika ladha.

Sasa mjue maji ya Mombasa yanatoka wapi. Mji huu hauna mto wake mkubwa. Tunakunywa ya Mzima, kule Taita Taveta, bomba la miaka ya 1950. Tunakunywa ya Baricho, Kilifi, kwenye mto Sabaki. Tunakunywa ya Marere na Tiwi, Kwale. Yote ni ya majirani. Ule mradi wa bwawa la Mwache tunaousikia nao uko Kwale. Na mwenye kuyaleta kwa jumla mpaka mjini ni shirika la kitaifa, halafu kampuni ya maji ya kaunti ndio inayotusambazia majumbani. Kwa hivyo ukisimama kwenye kikao cha bajeti ukasema tu "tunataka maji", kila mtu atakupigia makofi na hakuna atakayeandika kitu, manake hakuna mstari wa "maji" hivyo tu. Uliza hivi. Mabomba ya mtaa wangu yamewekewa pesa ngapi mwaka huu? Vioski vya maji vingapi, na viko wapi, vitajeni kwa majina. Lile bomba linalovuja karibu na msikiti tangu mfungo uliopita nani anakuja kulitengeneza na lini? Maswali kama hayo mtu hawezi kuyakwepa. Yana jina, yana mahali, yana tarehe.

Kuna jambo liliniuma sana, nami nalisema waziwazi. Miaka ya nyuma nilihudhuria kikao kimoja cha maoni, ofisi gani haina haja. Tukagawiwa kitabu kizito hivi, Kiingereza kitupu, meza za hesabu mwanzo mpaka mwisho. Mbele yangu palikuwa na bibi amevaa buibui, amekuja na mjukuu, akakifungua kile kitabu akakuta kimegeuzwa juu chini, akakigeuza, akakiangalia, akakifunga, akakiweka mapajani na mikono yake juu yake mpaka kikao kikaisha. Alikuja kwa nauli yake. Alikuwa na la kusema, manake nje alituambia, mtaro wa mtaani kwao umezibwa na nyumba na mvua ikija choo kinafurika mpaka jikoni. Hilo ndilo jambo la bajeti hasa! Na halikuandikwa popote.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Na hapa ndio Mombasa, kama Kiswahili hakitaheshimiwa Mombasa kitaheshimiwa wapi? Kwa hivyo ombi letu la kwanza kwa maandishi, na nimelileta hapa tulitie saini, ni muhtasari wa makadirio kwa Kiswahili, kurasa chache, wadi kwa wadi. Wadi zetu hapa ni tano, Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, kila moja iwe na ukurasa wake, kipi kinajengwa, wapi, kwa pesa ngapi.

La takataka sitalikalia sana lakini sitaki nilipite kimya. Mnakumbuka Kibarani? Miaka nenda miaka rudi ukiingia kisiwani kwa matatu unafunga dirisha, jaa linafuka moshi ukingoni mwa bahari. Mwaka wa 2018 likafungwa, pakapandwa miti, leo watu wanapiga picha pale. Ni jambo zuri na walioifanya kazi ile wanastahili shukrani. Lakini takataka haipotei, inahama. Magari yakaelekezwa Mwakirunge, Kisauni, na Mwakirunge kuna watu, kuna watoto, kuna mashamba. Sisi tulifurahia Kibarani, nani alikwenda kukaa na wale akawauliza? Basi bajeti hii tukiomba magari zaidi ya kuzoa taka Likoni, na tutaomba, tuulize pia zinakwenda kumwagwa wapi na wenyeji wa hapo wanasemaje. Sitaki tuwe watu wa kupona kwa kumuuguza jirani.

Sasa tufanyeje? Vijana mlio na simu na kalamu, hii ni kazi yenu. Kila mtaa uandike mambo matatu, sio kumi, matatu. Kila jambo liwe na mahali pake hasa, mtaro kutoka duka fulani mpaka kona fulani, hatua ngapi mmepima kwa miguu, picha mbili, moja ya kiangazi moja ya mvua. Wenye picha za mafuriko ya Novemba 2023 msizifute, hizo ni ushahidi. Yaandikeni kwa Kiswahili safi, watu watie saini na nambari ya kitambulisho, halafu mpige kopi. Barua inakwenda kwa karani wa bunge la kaunti. Na tafadhali kabisa msiondoke mpaka kopi yenu igongwe muhuri na tarehe! Barua bila muhuri kesho watawaambia haikufika. Yenye muhuri siku ya siku unaweza kuitoa mbele ya jaji.

Na mwakilishi wa wadi tusimwite kwa ubaya. Tumualike hapa, tumkalishe, tumpe chai na mahamri, tumsomee yale mambo matatu, na tumuulize mbele ya wote atayasemea bungeni siku gani. Akishasema tutakwenda tukae kule juu panapokaa wananchi tumsikilize, mlango uko wazi kwa kila mtu na hakuna kiingilio. Vilevile mwakani tusingoje mwezi wa tano. Tarehe 1 Septemba kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, tarehe 28 Februari kuna karatasi ya mkakati wa fedha inayogawa nani apate kiasi gani, na mwenye kuanza Septemba ndiye anayekuta mtaro wake ushaingia kwenye hesabu Aprili.

Kwa mama zangu wauza samaki, wauza mihogo, wa viazi, wa maji ya baridi, nawaomba nyinyi muwe mbele. Ule mswada wa ada ukitoka nitalichapisha jedwali lake lote kwa herufi kubwa tulibandike hapa ukutani, na kila mmoja atautafuta mstari wake kwa kidole, na asiyejua kusoma atasomewa na mtoto wake.

Jumatatu wiki ijayo tunavuka na barua ya kwanza, ile ya Kiswahili. Tukutane upande huu wa feri saa moja asubuhi, karibu na wale wauza korosho, tuvuke pamoja kwa miguu. Wazee wasioweza kutembea wamepata tuktuk mbili za kuwatoa feri mpaka bungeni, madereva wamejitolea wenyewe, Mungu awabariki. Karatasi ya saini iko kwa dada pale mlangoni, na wino uko.

Mimi nimesema ya kutosha. Sasa hiki kipaza sauti mpelekeeni yule mama pale nyuma mwenye leso ya bluu, manake amenyoosha mkono tangu nilipotaja mtaro, aseme ni mtaro gani, na kijana hapa aandike.